Leza na sauti ya elektroniki: njia tatu, na jinsi ya kuchagua yako

Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, toa kifuniko na kitako libaki bomba, kisha kata puto uliwambe kwenye mdomo mmoja livutike kama ngozi ya ngoma. Kando kidogo ya katikati ya puto bandika kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Elekeza kwenye kioo hicho leza ndogo nyekundu, ile ya kuonyeshea ubaoni, ili mwale wake uruke hadi ukutani. Waliopo wakae nyuma yako, macho yao yawe mbali na mwale. Zima taa. Sasa weka mdomo upande wa pili wa kopo, uimbe "aaa".

Nukta iliyokuwa imetulia ukutani inafunguka. Inakuwa yai, kisha namba nane iliyolala, kisha fundo la uzi lisilo na jina. Panda noti moja, umbo linavunjika na kujipanga upya. Nyamaza, inarudi nukta. Mara ya kwanza nilifanya hivyo na watoto wa dada yangu, umeme umekatika, na tulikaa na kopo lile mpaka betri za leza zikaisha.

Tangu usiku ule nimefanya kazi ya mitambo ya sauti kwa miaka mingi, na ya leza kwa michache. Wanamuziki wanaokuja kuniuliza wanunue leza gani huanza na wati, rangi na bei. Mimi huwarudisha kwenye kopo: kati ya sauti na mwanga, nani anamwongoza mwenzake? Majibu ya swali hilo ni matatu, na kila jibu lina vifaa vyake, gharama zake na aina yake ya muziki. Hayo ndiyo nataka kuyaweka bega kwa bega hapa.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Leza za kumbi za harusi na disko, zinazoandikwa kwamba zinafuata muziki, zina maikrofoni ndogo ndani. Besi ikipiga, maikrofoni inasikia kishindo na mashine inarukia mchoro unaofuata kati ya michoro iliyohifadhiwa kiwandani. Ni mapambo, na kwa harusi yanatosha kabisa. Ukiona hilo ndilo unalolitaka, kakodi tu.

Njia ya waya mmoja

Hapa umeme uleule unaokwenda kwenye spika ndio unaokwenda kwenye mwanga. Hakuna mfasiri katikati. Chaneli ya kushoto inasukuma mwale kulia na kushoto, chaneli ya kulia inausukuma juu na chini. Unachokisikia ndicho unachokiona, kwa maana halisi kabisa ya maneno hayo.

Msingi wake ni wa zamani kuliko leza. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Jules Antoine Lissajous alibandika vioo kwenye vyuma vinavyolia noti, akapiga mwanga kutoka kioo kimoja hadi kingine, na akaona uhusiano wa noti mbili ukijichora. Noti mbili zilizo sawa huchora mstari, yai au duara. Noti na oktava yake huchora nane. Noti ambazo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni mbili kwa tatu, zile ambazo kwaya yoyote inazipenda, huchora umbo la vitanzi lililosokotana vizuri. Ukilegeza noti moja kidogo sana, umbo zima linaanza kugeuka polepole kana kwamba linaning'inia kwenye uzi.

Mwaka 1969, katika Mills College, Oakland, California, Lowell Cross akiwa na mwanamuziki David Tudor na mwanafizikia Carson Jeffries walionyesha kazi ambayo leza yake iliendeshwa na sauti ya elektroniki. Siku hizi jina linalotajwa zaidi kwenye njia hii ni Robin Fox wa Melbourne, Australia. Yeye hutuma volti ileile kwenye spika na kwenye leza, na katika maonyesho yake ya leza tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila rangi ina sauti yake. Ukimtazama huna haja ya kuelezwa uhusiano uko wapi. Mwili unaelewa kabla ya akili.

Sasa gharama yake, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Ya kwanza: mchoro mzuri na muziki mzuri havipatani kwa urahisi. Ukitaka kuchora mraba, unapaswa kuutuma mwale uende, usimame ghafla, ugeuke, uende tena. Sikio linasikia kona hizo kama mlio mkali wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Upande mwingine, gitaa tamu lililorekodiwa vizuri linachora kinyweleo cha mwanga kisicho na umbo. Tena kasi ya kuchora ndiyo noti yenyewe: umbo likichorwa mara 50 kwa sekunde, jicho linaona picha iliyotulia kiasi, na sikio linasikia ngurumo ya hezi 50, chini kabisa kwenye besi. Huwezi kuichora upya haraka zaidi bila kupandisha noti. Anayetaka nyimbo zenye kiitikio na gitaa atateseka. Anayependa milio mirefu inayobadilika kidogo kidogo atajisikia yuko nyumbani.

Ya pili ni uzito. Ndani ya leza ya maonyesho mna vioo viwili vidogo vinavyozungushwa na mota ndogo. Ni vidogo, lakini vina uzito, na kitu chenye uzito hakiwezi kutikisika mara elfu kumi kwa sekunde kwa upana uleule kinaotikisika nao mara mia. Kwa hiyo sauti za juu, matoazi na sauti ya "s", hupotea kwenye mwanga: unazisikia lakini huzioni. Kona za mraba huviringika.

Ya tatu ni kadi ya sauti, kile kifaa kinachotoa sauti kwenye kompyuta. Nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutokea, inayozuia volti iliyosimama tuli isipite. Kwa spika hilo ni jema. Kwa leza maana yake ni kwamba huwezi kuupeleka mwale pembeni na kuuweka hapo. Kila umbo linavutwa kurudi katikati. Nilipoteza wiki mbili nikidhani programu yangu ina kasoro, kumbe ni kapasita. Ukinunua kadi kwa kazi hii, ulizia kama inapitisha volti tuli.

Ya nne ndiyo ya kopo. Kwenye waya mmoja, ukimya ni nukta. Leza ya ukumbini ikisimama kwenye nukta moja, nguvu yake yote iko hapo. Inaweza kuchoma pazia. Jichoni madhara yake hayaponi. Ni lazima kuwe na kitu kinachoukata mwale sauti inapokatika.

Kwa sababu hizo zote, anayechagua njia hii ninamshauri asianze na leza hata kidogo. Aanze na osiloskopu ya zamani, chombo kinachochora umeme kwa mwanga, ile ya kioo cha mviringo wa kijani inayokaa kwenye karakana za mafundi redio na maabara za vyuo. Iweke kwenye hali ya kuchora kwa chaneli mbili, unganisha kadi ya sauti, basi. Kinachochora ndani yake ni elektroni, ambazo uzito wake ni kama hakuna, kwa hiyo hata sauti za juu zinaonekana na kona zinabaki kona. Macho yako salama. Jerobeam Fenderson wa Austria amejenga kazi zake karibu zote kwenye chombo hiki, na mwenzake Hansi Raber ametengeneza programu ya kugeuza michoro ya kompyuta kuwa sauti inayochoreka. Kasoro yake ni ukubwa: kioo chake kinatosha kiganja. Utahitaji kamera na projekta ili watu hamsini waone.

Njia ya kompyuta

Hapa hakuna anayeongoza. Sauti na mwanga wote wanamtii mtu wa tatu: programu uliyoiandika. Programu inasema "sasa", na kwa wakati uleule mlio unatoka na mstari unachorwa, kila mmoja kwa njia yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Robert Henke, Mjerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1969, mmoja wa waanzilishi wa kundi la muziki wa elektroniki Monolake na mmoja wa waliobuni Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki ambayo huenda unaitumia wewe unayesoma hapa. Kuanzia mwaka 2013 aliijenga na kuibomoa kazi yake ya leza iitwayo Lumière, toleo baada ya toleo. Leza zinachora kwenye skrini kubwa: nukta, mistari, miduara, herufi, na kila umbo lina sauti iliyotungwa kwa ajili yake.

Huenda ukajiuliza, kama ni kuchora kwenye skrini, kwa nini asitumie projekta? Jibu liko kwenye giza. Projekta ya kawaida inamulika skrini nzima kisha inajaribu kuziba pale panapotakiwa kuwa peusi, na weusi wake daima ni kijivu. Leza haigusi pale isipochora. Mstari unakatiza giza kamili, mwembamba, mkali kiasi kwamba unaonekana kama umechanwa kwa wembe. Aliyewahi kuuona hasahau.

Bei ya ukali huo ni uhaba. Kipimo kinachotumika sana kwa vioo vya leza ni nukta 30,000 kwa sekunde. Ukitaka picha ichorwe mara 30 kwa sekunde isimetemete sana, unabaki na nukta 1,000 kwa picha nzima, na nyingi zitaliwa na kona na miruko ya gizani kutoka umbo moja kwenda lingine. Sahau nyuso na mandhari. Unapewa mistari michache, na kila mmoja lazima uwe na sababu ya kuwapo. Mimi naliona hilo kuwa zawadi, na ndicho kitu ninachokipenda zaidi kwenye njia hii: inakulazimisha kuchagua.

Faida yake kubwa ni kwamba muziki uko huru. Unaweza kuwa na ngoma, besi, sauti ya mtu, hata ukimya wa sekunde kumi huku duara limesimama ukutani. Kwa watayarishaji wetu wa midundo hilo lina uzito wa pekee. Fikiria singeli, muziki uliozaliwa mitaani Dar es Salaam, unaokwenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa mapigo 200, pigo moja lina sekunde 0.3. Leza inayochora mara 30 kwa sekunde itachora picha mara 9 tu kabla pigo la pili halijaingia, na ukigawa pigo hilo mara nne, kila kipande kinapata michoro miwili, mara nyingine mitatu. Leza inakata safi. Sijaona bado mtu aliyeifanya singeli kwa njia hii ipasavyo, na ningependa sana awe mtu wa Temeke au Tandale kabla hajawa mtu wa Berlin.

Hatari ya njia hii ni uvivu. Kwa kuwa hakuna waya unaolazimisha sauti na mwanga kufanana, unaweza kuvifunga kwa namna yoyote, na namna rahisi ni ile ya leza ya harusi: kishindo, mweko, kishindo, mweko. Baada ya dakika tano mtazamaji ameshajua mchezo. Uhusiano unapaswa kutungwa kama unavyotunga melodia. Wakati mwingine mstari utangulie sauti. Wakati mwingine mwanga ubebe pigo ambalo ngoma imeliacha, na mtu alisikie kwa macho.

Utahitaji kompyuta, leza yenye tundu la kawaida la ILDA, na kisanduku kidogo kama Ether Dream au Helios cha kugeuza data kuwa volti. Programu ya Pure Data ni ya bure na inatosha kwa sauti na kwa hesabu za michoro. Kinachogharimu ni muda: hesabu miezi kabla hujapata dakika kumi unazoweza kusimama nazo mbele za watu.

Njia ya moshi

Njia ya tatu haitaki skrini. Ukumbi unajazwa ukungu mwembamba, na kila kitu kinabadilika jina: mstari unakuwa ukuta, duara linakuwa handaki, wimbi linakuwa dari linalopumua. Sauti inatoka pande zote, na mtazamaji yuko ndani. Akisogea hatua mbili, anaona kazi nyingine.

Mwaka 1972 mtunzi Iannis Xenakis alitumia leza, vioo na mamia ya taa za flashi ndani ya mabafu ya kale ya Kirumi ya Cluny, Paris, akiwa na muziki wake wa elektroniki kwenye mkanda. Edwin van der Heide wa Uholanzi amekuwa akifanya LSP, kazi yake ya leza na sauti, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yeye anatokea waya mmoja: maumbo ya Lissajous, masafa na awamu (wimbi moja limetangulia jingine kwa kiasi gani), lakini hayapeleki ukutani, anayatandaza hewani juu ya watu. Fox naye hufanya hivyo. Kwa hiyo usidhani njia hizi zina ukuta kati yake. Njia ya moshi inajibu swali la pili: mtazamaji akae wapi?

Kama umewahi kusimama ndani ya handaki la mwanga huku besi inasukuma kifua, unajua kwa nini watu huondoka ukumbini wakiwa kimya. Kwa nguvu, hakuna njia inayoishinda. Lakini kwa mtu anayeanza, ndiyo ninayoikataza.

Ukungu unataka chumba kilichofungwa. Maonyesho yetu mengi ni ya uwanja wazi. Tulijaribu mara moja kwenye eneo la wazi karibu na bahari, jioni iliyokuwa shwari wakati wa kufunga vyombo. Saa mbili usiku upepo ukaingia. Mashine ilitema ukungu, upepo ukaubeba, na handaki tulilolitayarisha mwezi mzima likabaki nukta nne za kijani zikitetemeka kwenye shina la mnazi. Watu walipiga makofi kwa adabu. Nje pia mwale usiokomea ukutani unakwenda angani, na huko kuna ndege. Hilo linataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ni haki.

Kisha kuna macho, na hapa naomba unisome polepole. Leza hupangwa kwa madaraja. Daraja la 2 ni nguvu isiyozidi miliwati 1, ambayo jicho hujilinda kwa kupepesa ndani ya robo ya sekunde. Kuanzia miliwati 5 hadi 500 ni 3B, na hapo mwale wa moja kwa moja unaweza kudhuru kabla hujapepesa. Juu ya hapo ni daraja la 4, na karibu kila leza ya ukumbini, ya wati 1 na kuendelea, iko huko. Kupitisha mwale wa namna hiyo kwenye nyuso za watu kunahitaji vipimo vya kifaa, hesabu za mtu aliyesomea, na mfumo unaozima mwale wenyewe vioo vikikwama. Usipokuwa navyo, mwale ubaki mita kadhaa juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko wote, bila majadiliano. Vilevile usiamini lebo ya leza ndogo za kijani za barabarani. Nyingi hutoa zaidi ya kilichoandikwa. Waambie watazamaji pia kwamba mwale ukiingia kwenye kamera ya simu unaweza kuua vitone vyake. Rafiki yangu ana mstari wa zambarau kwenye kila picha aliyopiga tangu usiku mmoja wa mwaka juzi.

Basi uchague ipi?

Kama unapenda sauti yenyewe, unacheza na sintesaiza, unaweza kusikiliza noti mbili zikisuguana kwa dakika ishirini bila kuchoka, chukua waya mmoja na utafute osiloskopu wiki hii. Kama wewe ni mtayarishaji wa midundo, au unatoka kwenye usanifu wa michoro, na huogopi kuandika programu, chukua kompyuta. Michoro yako ijaribu kwanza kwenye skrini ya kawaida, na leza uikodi siku tatu kabla ya onyesho. Njia ya moshi iache mpaka uwe na ukumbi unaoujua na fundi wa leza unayemwamini kwa macho ya mama yako.

Ukiniuliza mimi, nitakutuma kwenye osiloskopu hata kama moyo wako uko kwenye kompyuta, angalau kwa mwezi mmoja, kwa sababu ya zoezi hili. Tengeneza milio miwili safi: kushoto hezi 200, kulia hezi 200.1, zote kwa nguvu sawa. Zipeleke kwenye kioo, na wakati huohuo zichanganye kwenye miksa zitoke spika moja. Subiri mstari ulioinama usimame kioo kizima, kona hadi kona, sauti imejaa. Anza kuhesabu. Mstari unanenepa kuwa yai, na sekunde 2.5 baadaye ni duara kamili, huku sauti ikipungua. Duara linabanwa upande wa pili. Sekunde ya 5 ni mstari tena, safari hii umelalia upande mwingine, na spika iko kimya kabisa: milio yote miwili ipo, kila mmoja na nguvu zake, imefutana. Kisha mstari unaanza kufunguka, na sauti inarudi.

Kaa nalo nusu saa, taa zimezimwa.